Punda Mwenye Mimba ya Kulwa na Doto

SAFU YA BWANA SHAMBA

Ndugu msomaji,

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya punda. Najua wengine watacheka. Watasema, "Bwana Shamba amekosa habari za pamba, sasa anatuletea habari za punda." Lakini nakuuliza: pamba yako ilifikaje kituoni? Maji ya nyumbani kwako yanatoka ziwani kwa mgongo wa nani? Na mahindi yanakwenda mashineni kwa mkokoteni wa nani? Katika vijiji vyetu vya Magu, Kwimba na Misungwi, nyumba nyingi zinamtegemea punda. Hata hivyo mnyama huyu ndiye tunayemjua kidogo kuliko wote.

Leo nitaeleza jambo moja tu. Nitaeleza habari ya punda jike aliyebeba mimba ya mapacha. Jambo hili lilinifundisha kwa aibu, nami nataka wewe ulijifunze bila aibu.

KESI CHINI YA MWEMBE

Miaka michache iliyopita niliitwa katika kijiji kimoja cha ufukweni, wilaya ya Magu. Ulikuwa mwezi wa Julai. Pamba ilikuwa inauzwa. Nilikuta wazee wamekaa chini ya mwembe, nao walikuwa wamekasirika.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja alikwenda kwa mzee jirani yake akaazima punda. Alimfunga mkokoteni, akapeleka magunia 4 ya pamba kituoni. Jioni alimrudisha. Usiku wa pili yake punda yule alitupa mimba. Mzee alisema, "Kijana huyu ameua mtoto wa punda wangu. Anilipe." Kijana alisema, "Baba, sikumpiga wala sikumkimbiza. Sikujua kuwa ana mimba."

Wazee waliniuliza mimi. Walisema, "Wewe umesoma. Tuambie, ni mzigo au si mzigo?"

Ndugu msomaji, mimi nina cheti cha kilimo. Najua pamba, mahindi, mihogo na mpunga. Habari za mifugo nazijua kidogo tu. Nilipaswa kusema, "Ngojeni nimwite Bwana Mifugo." Sikusema hivyo. Niliona haya kusema sijui. Nikajibu, "Bila shaka ni mzigo."

Basi wazee wakaamua. Kijana alipe fedha yake yote ya pamba. Fedha hiyo ilikuwa ya sare na madaftari ya watoto wake, na ya chakula mpaka mavuno mengine. Mke wake alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Alianza kulia, lakini hakusema neno.

Ndipo mama mwenye nyumba, mke wa mzee mwenye punda, aliponisogelea. Alikuwa mtu mzima. Akaniambia polepole, "Baba, mbona hamjaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyezika. Hakuwa mmoja. Walikuwa wawili. Na mmoja alikuwa mdogo, amekauka kama samaki wa moshi."

Nikasema, "Mayu, rudia tena."

Akarudia. Kisha akaongeza neno jingine. Alisema kuwa kabla ya punda kuazimwa, kama majuma mawili hivi, aliona kiwele chake kimejaa na maziwa yanadondoka. Walidhani amekaribia kuzaa.

Hapo nilijua kuwa nimekosea kusema haraka. Nikatoa simu nikampigia Bwana Mifugo.

ALIYOYAONA BWANA MIFUGO

Bwana Mifugo alifika kesho yake asubuhi. Alivaa mipira ya mikono, akaomba afukuliwe shimo. Kweli, walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkubwa kiasi, ameanza kuota manyoya. Wa pili alikuwa mdogo sana, rangi ya kahawia, mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Bwana Mifugo akasema, "Huyu mdogo hakufa juzi. Amekufa tumboni siku nyingi kabla ya punda kufungwa mkokoteni."

Kisha akauliza, "Punda huyu alipandwa lini?" Mzee hakukumbuka. Mama alikumbuka. Alisema, "Tulikuwa tunapanda mahindi ya mvua za kwanza." Huo ni mwezi wa Novemba. Wazee wakahesabu kwa vidole: Novemba mpaka Julai ni miezi 8. Bwana Mifugo akasema, "Mimba ya punda ni miezi 12. Punda wa miezi 8 hatoki maziwa. Akitoka maziwa mapema hivyo, mimba iko katika hatari. Mimba hii ilikuwa inaharibika kabla kijana hajaja kuazima."

Wazee walinyamaza. Nami nilinyamaza. Halafu nikasimama, nikaomba radhi mbele ya wote. Nikasema kuwa neno nililosema jana halikuwa la elimu, lilikuwa la haya.

Deni lilifutwa. Lakini Bwana Mifugo hakumwacha kijana bila somo. Alimwambia, "Mzigo haukuanzisha jambo hili, lakini punda mwenye mimba kubwa hafungwi mkokoteni. Siku nyingine uliza kwanza." Kijana akakubali kuwachotea maji watu wa nyumba ile kwa mwezi mmoja, ili punda apumzike. Mpaka leo jirani hawa wanaazimana vitu.

KWA NINI PUNDA HAWEZI MAPACHA?

Sisi Wasukuma tukipata mapacha tunawaita Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata tunamwita Shija. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: mwanamke anazaa mapacha, mbuzi anazaa mapacha kila mara, kwa nini punda ashindwe?

Jibu liko katika kondo la nyuma. Wewe uliyezalisha ng'ombe au mbuzi umeliona kondo lake. Lina vitufe vingi, kama vifungo vya shati. Kila kitufe kinashika mfuko wa uzazi mahali pake na kuvuta chakula cha mtoto. Watoto wawili wa mbuzi hugawana vitufe hivyo, na mara nyingi kila mmoja hupata cha kumtosha.

Kondo la punda halina vitufe. Ni kama shuka iliyotandikwa ndani ya mfuko wote wa uzazi, kila upande. Mtoto mmoja anahitaji shuka nzima ili apate chakula cha kutosha. Wakiwa wawili, shuka inagawanywa. Pale makondo mawili yanapogusana, hakuna anayepata kitu. Mara nyingi mmoja hupata sehemu kubwa na mwenzake hupata kipande kidogo.

Wewe mkulima wa pamba unalijua jambo hili. Ukiacha miche mingi katika shimo moja bila kupunguzia, yote inakuwa dhaifu. Mche mmoja hukauka, na ule uliobaki hauzai vizuri. Ndivyo ilivyo ndani ya tumbo la punda. Mmoja hufa kwa kukosa chakula. Kifo chake huharibu mimba, na mara nyingi yule wa pili hutoka kabla ya wakati. Wakati mwingine mimba hufika mwisho, lakini mwanapunda mmoja au wote huzaliwa wakiwa wadogo na wanyonge.

Farasi naye yuko hivyo hivyo, maana farasi na punda ni ndugu. Katika mashamba ya farasi wa mbio huko Uingereza, mapacha walikuwa sababu kubwa ya farasi jike kutupa mimba. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa huko wameanza kutumia ultrasaundi, kipimo kama kile wanachopimwa akina mama wajawazito hospitalini. Humpima farasi mapema, kama majuma mawili baada ya kupandwa. Wakiona mimba mbili, daktari huiminya moja ingali ndogo kama zabibu, ili nyingine ikue vizuri. Nao wanapunguzia, kama sisi tunavyopunguzia pamba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, punda akitupa mapacha si laana. Si jicho la jirani. Si kazi ya mchawi. Ni umbile lake.

MAMBO SABA YA KUFANYA

Vijijini kwetu kipimo hicho ni shida kukipata. Lakini yako mambo ambayo kila mwenye punda anaweza kuyafanya. Nimeyapata kwa Bwana Mifugo, nami nayaandika hapa.

1. Andika siku ya kupandwa. Punda jike akiwa na joto hufungua na kufunga mdomo kama anayetafuna hewa. Akipandwa, andika tarehe katika daftari la nyumbani. Wewe umejua kuandika, basi kalamu yako ikusaidie. Hesabu miezi 12. Wengine huzidisha au kupunguza majuma machache.

2. Usimruhusu mtu asiye na elimu kuingiza mkono kupima mimba. Punda ni mdogo kuliko ng'ombe, na utumbo wake huchanika upesi. Akichanika, atakufa. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Pia usimpe dawa za kienyeji ili atoe mmoja. Utawapoteza wote, na mama yao pia.

3. Mpumzishe. Katika miezi 3 ya mwisho asibebe mzigo wala asifungwe mkokoteni. Aende malishoni na kutembea, maana kutembea ni kuzuri kwake. Ukimwazima mtu punda wako, mwambie wazi kama ana mimba. Nawe unayeazima, uliza.

4. Mlishe kila siku. Kiangazi majani yakikauka, mpe mabua ya mahindi, marando ya viazi na nyasi kavu ulizohifadhi. Maji yawe safi na ya kutosha. Usibadilishe chakula chake kwa ghafla. Punda mwenye mimba akikosa kula, mafuta ya mwili wake huingia katika damu kwa wingi na kuharibu maini. Akishinda siku moja bila kula, mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

5. Tazama kiwele. Kwa kawaida kiwele hujaa katika majuma 2 mpaka 4 ya mwisho. Kikijaa mapema zaidi, au maziwa yakidondoka wakati miezi haijatimia, hiyo ni dalili ya hatari. Huenda ni mapacha, huenda ni ugonjwa wa kondo. Mwachishe kazi mara moja na uite mtaalamu.

6. Siku ya kuzaa, shika namba tatu: 1, 2, 3. Kwa saa 1 mwanapunda awe amejaribu kusimama na kufaulu. Kwa saa 2 awe amenyonya. Kwa saa 3 kondo liwe limetoka. Hapa ndipo wafugaji wa ng'ombe hukosea. Ng'ombe anaweza kukaa nusu siku kabla kondo halijatoka. Punda hawezi. Kondo likibaki, sumu huingia katika damu yake, hupata homa, hata kwato zake huharibika na anaweza kufa. Usilivute kondo kwa nguvu. Lifunge fundo ili asilikanyage, kisha umtafute daktari wa mifugo haraka. Likitoka, litandaze chini ulitazame kama ni zima.

7. Wakizaliwa wawili wakiwa hai, fanya haraka. Wakaushe kwa gunia safi. Waweke mahali pasipo upepo, maana upepo wa ziwa usiku ni baridi. Mwanapunda huzaliwa bila kinga ya magonjwa katika damu yake. Kinga hiyo huipata katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kila mmoja apate dang'a ndani ya saa 6 za kwanza. Mnyonge asiyeweza kusimama, kamua dang'a katika kikombe safi umnyweshe kwa chupa yenye chuchu, kidogo kidogo, asipaliwe. Baadaye maziwa ya mama huenda yasiwatoshe wote wawili. Mwulize Bwana Mifugo jinsi ya kuwaongezea maziwa ya mbuzi.

PUNDA AKITUPA MIMBA

Usizike kabla ya kuhesabu. Usilaumu kabla ya kuchunguza.

Vaa mipira ya mikono au mifuko ya nailoni, maana yako magonjwa ya kutupa mimba yanayoweza kumwambukiza mtu. Watoto wadogo na akina mama wajawazito wasisogee. Tazama: ni mmoja au wawili? Kama ni wawili, wanalingana? Kondo limetoka lote? Mwite Bwana Mifugo aje aone. Akishaona, chimba shimo refu uzike, mbwa wasifukue.

Mapacha si sababu pekee ya kutupa mimba. Yako magonjwa, iko njaa, kiko kipigo, uko mzigo mzito kweli. Ndiyo sababu nasema tazama kwanza. Yaliyotoka tumboni yatakueleza mengi kuliko maneno ya watu.

Baada ya hapo mpumzishe punda. Usimwachie dume katika joto la kwanza, linalokuja siku chache tu baada ya kuzaa au kutupa mimba. Na kumbuka kuwa punda aliyewahi kushika mapacha anaweza kuwashika tena. Safari nyingine mwangalie zaidi.

KWA NINI NASISITIZA?

Punda hazai upesi. Mbuzi anaweza kuzaa mara mbili wakati punda anangoja mwanapunda mmoja. Na miaka ya karibuni punda wa Afrika walipata adui mpya. Ngozi zao zilitafutwa sana zipelekwe China, ambako hupikwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Punda wengi walichinjwa, wengine waliibwa usiku. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Hilo ni jambo jema. Lakini viongozi hawawezi kuja zizini kwako kutazama kiwele. Hiyo ni kazi yako na ya watu wa nyumbani kwako.

Nimesema watu wa nyumbani kwa makusudi. Katika kesi ile wanaume tulikaa chini ya mwembe tukahukumu. Mama aliyeona kiwele, aliyekumbuka mwezi wa kupandwa na aliyewazika wale wawili kwa mikono yake, hakuulizwa. Kama asingesogea mwenyewe kuniambia, kijana yule angepoteza jasho la mwaka mzima kwa neno langu. Kila nikipita kijiji kile humsalimu mama yule kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mimba ya punda huchukua miezi mingapi?
2. Kwa nini mbuzi anaweza kubeba mapacha na punda hawezi?
3. Kiwele cha punda kikijaa katika mwezi wa 8 utafanya nini?
4. Kondo la punda likichelewa, utangoja saa ngapi kabla ya kuita daktari?
5. Katika kijiji chenu, mnyama wa kuazima akifa au akitupa mimba, nani huulizwa kwanza? Je, ndivyo inavyofaa?

Nendeni mkazungumze. Kisha leo jioni kila mwenye punda aende zizini na daftari lake.

Mwezi ujao, tukijaliwa, nitaeleza namna ya kukausha na kuhifadhi nyasi kwa ajili ya kiangazi.

Wenu,
Bwana Shamba